Haya ni ya Nani? Filamu Mbili za Ufilipino na Binti Anayelisha Nyumba

Sisi wa Nakivale Ufilipino tunaujua kwa njia ya tamthilia. Wengi waliokuwa na televisheni karibu miaka ile, iwe Kenya au Tanzania, wanaikumbuka The Promise, ambayo kwao inaitwa Pangako Sa 'Yo. Binti maskini anafanya kazi za ndani kwa matajiri, mapenzi yanaingia, Madam Claudia anafanya roho mbaya, mama zetu wanalia, umeme unakatika. Siidharau. Lakini mle kazi ya binti ni mlango tu wa kuingilia kwenye mapenzi. Akishapendwa, ndoo na pasi hatuzioni tena.

Filamu mbili ninazotaka kuzizungumzia hazifanyi hivyo. Ya kwanza ni Burlesk Queen ya Celso Ad. Castillo, ya mwaka 1977. Ya pili ni Anak ya Rory Quintos, ya mwaka 2000. Katikati kuna miaka 23, na mwigizaji mkuu ni yuleyule, Vilma Santos. Katika ya kwanza ni binti anayemlisha baba. Katika ya pili ni mama anayelisha watoto. Ukiziangalia mfululizo unaona kama mtu mmoja ameshuka jukwaani akiwa msichana, akapanda ndege, akarudi mama wa watu wazima, na nyumbani bado wanamnunia.

Tuliziangalia kwenye simu, watu sita, jioni mbili. Mmoja wetu anayekijua Kiingereza vizuri alikuwa anatutafsiria, maana huku Uganda tumezoea VJ atuambie sinema inasema nini, hata pale ambapo haisemi kitu. Nakala ya Burlesk Queen ilikuwa imechoka, nyuso zote zimekuwa rangi ya chai. Haikutuzuia.

Niseme mapema ninachokiona. Filamu zote mbili zinaonyesha familia maskini inayogombana juu ya kazi ya mwanamke, na zote mbili zinajua kwamba wanaogombana naye ndio wanaokula alichokileta. Ya 1977 inalijua jambo hili mpaka mwisho. Ya 2000 inalijua nusu, halafu inaogopa.

Chato ni msichana wa Manila. Baba yake, Roque, hawezi kutembea, kwa hiyo hawezi kwenda kutafuta. Chato anafanya kazi nyuma ya jukwaa, anamhudumia Virgie, mwanamke mwenye jina kubwa katika dansi ya burlesk, ile ya kuvua nguo kidogokidogo huku wanaume wanapiga kelele. Anamwandalia mavazi, anastahimili ulevi wake na kilio chake cha mapenzi. Inafika siku Virgie hawezi kazi, ukumbi umejaa, na wanaume wanataka kile walicholipia. Chato anapanda yeye.

Baba hataki. Na hapa niseme kitu kuhusu mtu aliyepewa nafasi ya baba. Ni Leopoldo Salcedo, ambaye ujanani alikuwa mmoja wa wanaume wakubwa wa sinema ya kwao, wale wa kuwekwa kwenye bango. Watazamaji wa 1977 walimjua akiwa amesimama wima. Castillo anawaonyesha mtu huyohuyo miguu ikiwa imekufa. Hakuhitaji kuandika maneno mengi baada ya hapo.

Wafilipino wana neno hiya. Maana yake inakaa karibu sana na haya yetu, na hata sauti zinafanana. Asiye nayo wanamwita walang hiya, yaani hana haya, na ukiangalia sinema zao utalisikia mara nyingi hasa pale mzazi anapomkasirikia mtoto. Mtafsiri wetu alipolikuta alicheka, akasema hili halina haja ya kutafsiriwa. Wana na msemo mwingine, utang na loob, tuseme deni la moyoni. Mtoto anadaiwa na mzazi kwa sababu alizaliwa na akalelewa, na deni hilo halina siku unayopewa risiti ukaambiwa umemaliza. Sasa mweke Chato katikati ya maneno haya mawili. Deni linamwambia mlishe baba. Haya inamwambia si kwa kazi hiyo. Na kazi nyingine yenye malipo kama yale haipo. Roque anadai kwa mkono mmoja na anaisukuma pesa kwa mkono mwingine, lakini chakula kikiwekwa mezani kinaliwa. Mkono mtupu haulambwi, wazee walisema, ila hawakusema kwamba mkono uliojaa nao unaweza kulambwa na kutemewa mate palepale.

Nikiishia hapo nitakuwa nimemwonea Roque, na nadhani Castillo hakutaka aonewe. Fikirini wanaume tunaowajua. Aliyekuwa na ng'ombe Masisi, aliyekuwa na duka la vitambaa Uvira, leo amekaa mbele ya nyumba ya udongo akisubiri binti arudi kutoka sentani na kilo mbili za unga na sabuni. Mtu kama huyo akisema “kazi ile ni ya aibu,” sikilizeni vizuri aibu anayoisema ni ipi. Mimi naona Roque anaona haya ya miguu yake. Hawezi kuisema, kwa sababu mwanaume wa rika lake hasemi hivyo, basi anaivua na kumvalisha Chato. Msichana anapanda jukwaani kuvua nguo, kumbe nyumbani ameshavalishwa vazi la mtu mwingine. Baba anakufa bila kulikubali jambo lile. Filamu haimpi nafasi ya kunyoosha mkono na kusema mwanangu asante, na nilishukuru, kwa sababu ingekuwa uongo.

Hiyo ndiyo sehemu nzuri. Sehemu mbaya ya Burlesk Queen ni kwamba kamera nayo inakula. Castillo anatuambia wanaume wa ukumbini ni fisi, halafu anatukalisha kwenye viti vyao na kutuonyesha kila wanachokiona wao. Dansi ya mwisho ni ndefu sana. Chato ana mimba, kijana aliyempa ameshachukuliwa na mama yake akarudishwa kwao, na yeye anacheza mpaka damu inamtoka. Ukumbi unashangilia. Katika kundi letu vijana wawili walikuwa wanapiga miluzi tangu mwanzo wa dansi ile, na kuna mahali miluzi ilikatika. Hakuna aliyewaambia wanyamaze. Kwa hiyo sijui nimlaumu Castillo au nimpongeze. Angekata dansi mapema, vijana wale wangekwenda kulala wamefurahi.

Filamu ile ilichukua tuzo ya filamu bora katika tamasha la Metro Manila mwaka huohuo, na Vilma Santos akachukua ya mwigizaji bora wa kike. Alistahili. Angalieni uso wake tu wakati anacheza, muache mwili. Uso unafanya hesabu.

Tuje kwa Anak. Neno lenyewe ni mtoto, na kama ilivyo kwetu halisemi wa kike au wa kiume. Wimbo mashuhuri wa Freddie Aguilar wa miaka ya 1970 una jina hilohilo. Josie amefanya kazi za ndani Hong Kong miaka mingi. Anarudi na zawadi, na furaha ya mtu aliyekuwa anahesabu siku. Ana watoto watatu. Yule mdogo, Daday, hamjui. Yule wa kiume, Michael, alikuwa na msaada wa masomo na mambo yake ya shule yameharibika. Na mkubwa, Carla, ambaye anaigizwa na Claudine Barretto, anamwangalia mama yake kama unavyomwangalia mtu aliyeingia nyumbani kwako bila kubisha hodi. Carla anavuta sigara mbele yake. Anamjibu. Yeye ana kesi moja kubwa: baba alipokufa, wewe ulikuwa wapi?

Jibu tunalipata baadaye. Mwajiri hakumruhusu kuondoka. Wenye nyumba walisafiri, wakamfungia ndani. Mume anazikwa Ufilipino, mke yuko nyuma ya mlango wa watu, ghorofani, katika mji ambao hata akipiga kelele hakuna wa kumwelewa.

Hapa tuliisimamisha simu. Mama mmoja aliyekuwa nasi alitoka nje kidogo. Wapo mabinti wa hapa waliokwenda Uarabuni kwa mikono ya mawakala, na wapo mama wa hapa ambao simu ya binti ililia mara ya mwisho miezi mingi iliyopita. Sitaandika zaidi kuhusu huyo mama.

Ile sehemu ya mama na Carla kugombana uso kwa uso ni maarufu huko kwao, na ina haki ya kuwa maarufu. Josie hasemi niheshimu mimi ni mama yako. Anahesabu. Kila kitu kizuri walichokitumia watoto anakifunga na kitu alichonyimwa yeye: wao walilala vizuri, yeye alilala peke yake; na kadhalika, kitu kwa kitu, kama mtu anayesoma daftari la duka. Nimesema Chato uso wake unafanya hesabu. Baada ya miaka 23 mwigizaji yuleyule anaisoma hesabu ile kwa sauti. Sidhani kama Quintos alipanga hivyo, lakini ndivyo tulivyoisikia.

Basi kwa nini nasema Anak inaogopa? Kwa sababu baada ya hapo ugomvi wote unabaki ndani ya nyumba. Mwajiri anaonekana katika kumbukumbu, anafunga mlango, anatoka kwenye filamu. Hatumwoni tena. Carla na Josie wanabaki kulipa bili ya mtu ambaye hayupo mezani. Na watoto wanaharibika mmoja baada ya mwingine, kama vile filamu inataka kututhibitishia kwamba mama akiondoka nyumba huoza. Inamwonea mama huruma na papo hapo inamwandikia adhabu, na adhabu hiyo inaipitisha kwenye miili ya watoto wake. Halafu wanapatanishwa. Kwa machozi, vizuri, nami nililia. Pesa imekwisha, Josie anarudi Hong Kong, safari hii kwa amani na wanawe. Yaani kilichobadilika ni kwamba sasa anakwenda na baraka. Mlango wa kule uko vilevile.

Nani mwingine hayupo mezani? Serikali. Ufilipino haikuanza kusafirisha watu wake kwa bahati. Ni sheria ya kazi ya mwaka 1974, wakati wa Marcos, ndiyo iliyoifanya kazi ya nje kuwa mpango wa nchi. Mwaka 1982 ikatoka amri ya kuwalazimisha wafanyakazi wa nje kutuma nyumbani sehemu kubwa ya mshahara wao kupitia benki. Mwaka 1988 Rais Corazon Aquino aliwaambia wafanyakazi wa ndani huko Hong Kong kwamba wao ndio mashujaa wapya wa taifa. Mwaka 1995, tarehe 17 Machi, Singapore ilimnyonga Flor Contemplacion, mfanyakazi wa ndani Mfilipino, kwa mauaji ambayo wengi kwao hawakuamini ndiye aliyeyafanya. Watu waliingia barabarani kwa hasira, na mwaka huohuo bunge likapitisha sheria ya kuwalinda wafanyakazi wa nje. Mambo yote hayo yalikuwa yameshatokea wakati Anak inapigwa picha. Kila mtazamaji wa Manila aliyajua. Ndani ya filamu yamegeuka binti mkaidi na sigara yake.

Kinachonichekesha kidogo ni kwamba Vilma Santos mwenyewe wakati ule alikuwa meya wa mji wa Lipa, na baadaye akawa gavana wa mkoa wa Batangas. Simlaumu, mwigizaji anasema alichoandikiwa. Ila mtu aliyekuwa na ofisi, na muhuri mezani, angeweza kuwaomba waandishi waongeze hata mstari mmoja kuhusu nani anayegonga mihuri ya safari hizi.

Sasa kwa wenzetu wa mashirika mnaosoma jarida hili. Mimi ni mkalimani. Nimekaa mara nyingi katikati ya mama mmoja na afisa mmoja, binti akiwa pembeni anachezea ncha ya kitenge, tukizungumzia kazi ya binti: anauza pombe kwa mtu, au anafua nguo mjini analala hukohuko, au kuna wakala amekuja. Fomu ina swali la nani alimruhusu. Nimelitafsiri swali hilo mpaka naliota. Sijawahi kutafsiri swali linalosema: kabla ya kazi hii mlikuwa mnakula nini, na nani aliamua mle kiasi hicho? Tangu mgao ulipopangwa kwa makundi mwaka 2023, watu wengine wakapunguziwa na wengine wakaondolewa kabisa, swali hilo lina majibu, na majibu mengine hayako ndani ya nyumba ile. Lakini fomu ni kama Anak. Mwajiri ametoka kwenye picha, aliyepunguza hakuwahi kuingia, na kwenye kiti wamebaki mama na binti wakitazamana kwa hasira. Mama anaitwa Roque wa kike: unakula pesa ya mtoto. Akikataa kazi ile, anaulizwa watoto wadogo watakula nini. Nayaweka haya hapa kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nione kasoro ya filamu ile. Nisingekuwa na kazi hii ningelia tu na kwenda kulala.

Sisemi kwamba kila kazi ni sawa. Kuna kazi ambazo msichana anapaswa kutolewa leo, si kesho, na namheshimu afisa anayekimbia kumtoa. Chato mwenyewe, ukumbi ule ulimla. Lakini Castillo, pamoja na uchu wake wa macho, anatuonyesha waliokula wote: wanaume wenye tiketi, mwenye ukumbi, kijana wa kitajiri na mama yake, baba. Kila mtu ana sahani yake. Ndiyo maana, ingawa ni chafu zaidi na ni ya zamani zaidi, naiona ni filamu ya haki zaidi. Anak ni safi, unaweza kuiangalia na bibi yako, imetengenezwa kwa ustadi mkubwa, na inatuachia familia moja yenye hatia yote.

Mtu atasema, nawe, filamu ni ya familia, ulitaka hotuba ya bunge? Hapana. Dakika moja tu ya yule mwajiri akirudi kutoka safari, akifungua mlango, akiweka mizigo chini, akiuliza kwa nini vyombo havijaoshwa, ingetosha. Ningemjua ni mtu wa namna gani, na Carla angekuwa na mtu wa kumkasirikia anayelingana na hasira yake. Hasira ya Carla ni kubwa kuliko Josie, hilo Barretto analionyesha vizuri kuliko filamu inavyotaka. Anamfokea mama, lakini macho yake mara nyingi yanapita juu ya bega la mama, kana kwamba kuna mwingine nyuma yake.

Mkitafuta nakala, anzeni na Anak, halafu mkaone Burlesk Queen watoto wakiwa wamelala. Mimi nilifanya kinyume, nikabaki natafuta ukumbi wa Chato ndani ya nyumba ya Josie. Na yule anayemsumbua akili yangu zaidi sasa ni Daday, yule mdogo asiyemjua mama. Kwa miaka ya filamu ameshakuwa mtu mzima, ana umri wa kuwa na kazi na wa kugombanisha watu kwa ajili ya kazi hiyo. Yuko Hong Kong? Ni nesi? Anajibu simu usiku kwa ajili ya kampuni ya Marekani? Filamu yake ningeilipia kibandani. Atakayeitengeneza aanze na jiko la ghorofani, mlango ukiwa umefungwa kwa nje, na asitupeleke Manila kulia na ndugu kabla hatujaona ufunguo umo mfukoni mwa nani.